Mzee mwenye presha, sukari na tezi dume, safiri hivi

Hii naandika kwa wazee wenzangu ambao kukaa nyumbani kwao ni adhabu. Wewe uliyezunguka na meli ukiwa kijana, au uliyekuwa unafuata mzigo Dubai na Guangzhou, sasa umestaafu ila kutulia huwezi, mara harusi Mwanza, mara mjukuu kazaliwa Maskati, mara mtoto katuma tiketi uende London ukamwone. Nenda bana, nani kakukataza. Ila kama una presha au sukari, au ile habari ya kuamka usiku kila saa kwenda kukojoa, upangaji wa safari unabadilika, zamani tulikuwa tunaanza na tiketi na nguo, siku hizi unaanza na dawa na choo alafu mengine yanafuata.

Anza kliniki. Na usiende siku mbili kabla ya kuondoka, nenda wiki tatu nne kabla, ili daktari akibadilisha dawa upate muda wa kuona mwili umeipokeaje ukiwa bado kwako. Omba dawa za siku zote za safari na za wiki moja au mbili juu yake, maana ndege zinaahirishwa na watoto wakikupata huko hawakuachii mapema. Omba na barua yenye majina halisi ya dawa, amlodipini, losatani, metfomini, sio jina la kibiashara la kwenye boksi, kwa sababu jina la boksi la Kariakoo famasi ya Manchester wanaweza wasilijue kabisa. Dawa zikae kwenye maboksi yake, usizimwage zote kwenye kikopo kimoja cha peremende. Na kwa wale wa Dubai hili mlisikie vizuri, kule tramadoli, kodeini na vidonge vya usingizi kama diazepamu ni dawa zinazodhibitiwa, unatakiwa uombe kibali kabla hujasafiri, kisingizio cha nilipewa na daktari wangu huku bila karatasi hakikusaidii kitu mbele ya afisa wa forodha.

Dawa zote begi la mkononi, zote, usigawe. Begi la kupakia chini ya ndege linaweza kupotea, na kama unatumia insulini kule chini baridi inaweza kuigandisha, na insulini ikishaganda ata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji safi kabisa usiichome, itupe. Ile sheria ya uwanja wa ndege ya maji yasiyozidi mililita 100 haihusu dawa, we toa uionyeshe na barua yako basi. Insulini ambayo hujaifungua inakaa friji, nyuzi 2 mpaka 8, mbali na sehemu ya barafu. Ile unayoitumia nyingi zinavumilia joto la kawaida mpaka siku 28 (soma karatasi ya kwako), lakini joto la kawaida wanalosema hapo ni nyuzi 25 mpaka 30, sio basi limepaki juani Singida saa nane mchana. Kwenye basi usiiweke kwenye dashibodi wala kwenye buti, kaa nayo wewe. Ukifika kijijini ambako hakuna umeme chungu cha udongo kinafanya kazi nzuri tu, chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaoumwagia maji, juu unafunika na kitambaa kibichi, weka kivulini panapopita upepo, maji yakikauka joto linaondoka nayo.

Sasa tuje kwenye basi maana hapa ndipo tunapoumia. Mzee anajua Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja na kuchimba dawa ni mpaka konda aamue, kwa hiyo anafanya nini, anaacha kunywa maji tangu jana yake jioni, na ile dawa ya presha ya kukojoza anairuka kimya kimya bila kumwambia mtu. Akifika anajisifu, safari nzuri, sijamsumbua mtu ata mara moja. Kumbe mwili umekauka, sukari imepanda, figo zimefanya kazi kavu siku nzima, na mkojo wenyewe uliobaki umekuwa mzito unachoma. Alafu kesho yake kwenye harusi anasikia kizunguzungu watu wanasema mzee karogwa.

Maji usiache, yagawe. Funda mbili tatu kila baada ya muda, sio chupa nzima kwa mkupuo Chalinze kwa sababu umeona wauza maji dirishani. Kitu cha kuacha asubuhi ile ni chai na kahawa, hizo ndizo zinazokukimbiza. Ile dawa ya kukojoza muulize daktari mapema kama siku ya safari unaweza kuimeza baada ya kufika, wengi atawaruhusu, ila iwe yeye ndio kasema sio wewe umejiamulia. Tiketi kata siti ya mbele karibu na mlango, upande wa njia sio dirishani, uachane na habari ya kumruka mama wa watu aliyelala na mtoto. Na kabla gari halijatoka pale stendi ya Magufuli Mbezi mfuate konda umwambie kistaarabu, "kijana wangu mimi mgonjwa, njiani nitakuomba usimame mara moja moja." Ukimwambia mapema atakujibu "sawa mzee, usijali" na dereva atajua, ukianza kupiga kelele mkiwa katikati ya safari huku wameshachelewa ndio mnagombana.

Gari likisimama popote shuka, ata kama hujabanwa. Na wenye tezi dume, ukimaliza kukojoa usikimbilie zipu, simama hapo hapo kama dakika moja alafu jaribu tena, utashangaa kilichokuwa kimebaki. Beba na kopo la mdomo mpana lenye mfuniko unaobana, na kikoi, msinicheke, siku gari limeharibika porini usiku utalishukuru. Lakini kama safari yako ni Morogoro au Dodoma mi sioni sababu ya mateso yote haya, tangu 2024 treni ya SGR inaenda na mabehewa yana vyoo, unanyanyuka unaenda unarudi. Wa Mombasa kwenda Nairobi wamekula raha hiyo tangu 2017.

Kitu kingine cha tezi dume ambacho watu hawakijui ni dawa za mafua. Umefika London baridi imekupiga, pua inatiririka, mtoto anakuletea vidonge vya mafua kwa nia njema kabisa. Baadhi yake vina kitu kinaitwa pseudoefedrini kinachokausha pua, hicho hicho kinabana njia ya mkojo na kinapandisha presha, na zile dawa za mafua na aleji zinazoleta usingizi nazo zinafanya kibofu kisisukume. Mwambie mtu wa famasi, nina presha na tezi dume, atakupa kingine, ata kujifukiza na maji ya chumvi ya puani yanatosha. Ikitokea umebanwa, tumbo la chini limejaa linauma na ata tone halitoki, hiyo ni dharura, hospitali saa hiyo hiyo wakakuwekee mpira, usianze kunywa maji mengi ukidhani yatasukuma.

Ndani ya ndege shida ni miguu. Safari yoyote ya kukaa zaidi ya masaa manne, ndege au basi ni yale yale, inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mguu. Inuka utembee, ukiwa umekaa nyanyua visigino shusha, nyanyua vidole shusha, mara ishirini kila unapokumbuka. Soksi za kubana zipo zinauzwa ila wenye sukari au mishipa mibovu ya miguu waulize daktari kwanza. Kusimama simama taratibu, dawa za presha na hizi za tezi kama tamsulosini zinashusha presha ghafla ukiinuka, mzee anaanguka kwenye mlango wa choo cha ndege hivi hivi.

Wenye sukari mnaochoma insulini au mnaomeza glibenklamidi, usimeze dawa kwa kutegemea chakula cha njiani, basi linaweza kupanga kula Korogwe saa tano likafika saa nane. Kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, akili kuhama, hapo sukari imeshuka, kunywa nusu ya soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari) au tafuna vidonge vya glukosi, subiri dakika kumi na tano, pima tena, alafu ule kitu. Soda iwe kwenye begi lako tayari.

Kuhusu saa msijisumbue sana. Maskati ni saa moja tu mbele yetu, meza kama kawaida. London wako nyuma saa mbili kipindi chao cha joto na tatu kipindi cha baridi, kidonge cha presha cha mara moja kwa siku sogeza tu kifuate saa za kule. Marekani na China ndio mbali, na kama ni insulini daktari akuandikie ratiba kwenye karatasi, hii sio ya kukadiria.

Chanjo ya homa ya manjano, cheti tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo yule anayekwambia cha zamani kimeisha baada ya miaka kumi usimpe hela. Ila kama hujawahi kuchanjwa na umeshavuka 60 usikimbilie sindano siku ya mwisho, kwa umri wetu madhara makubwa ingawa ni machache yanatokea zaidi kuliko kwa vijana, daktari apime kama ichomwe au akuandikie barua ya msamaha, na ikichomwa iwe angalau siku kumi kabla.

Haya na lile la wanaume, maana najua kuna mwenzangu begi lake lina vidonge vya buluu alivyovificha ndani ya soksi. Sildenafili, yaani hivyo vidonge vya buluu vya nguvu za kiume, pamoja na dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi inaweza kushusha presha mpaka ukapoteza maisha, na pamoja na dawa za tezi unaweza kuzimia. Zile za mitishamba za mtaani nazo sio salama kwa vile ni majani, zimeshakutwa nyingi zimechanganywa na sildenafili humo humo. Kifua kikiuma huko ugenini mwambie daktari ulimeza nini na saa ngapi, aibu weka pembeni, bila hivyo atakupa ile dawa ya chini ya ulimi.

Ukifika, vua viatu uangalie nyayo zako, hasa wenye sukari, malengelenge ya kiatu kipya huwa hayaumi mpaka yaoze. Na wiki za mwanzo baada ya safari ndefu, mguu mmoja ukivimba peke yake, una joto na nyama ya nyuma inauma, usikubali kukandwa wala kuchuliwa na mafuta ata kama anayekuchua ni fundi, unaweza kulisukuma bonge la damu likaenda kwenye mapafu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na pumzi ikianza kukata usisubiri mtu atoke kazini, mwambie aliye jirani akupeleke.