Kondomu imepasuka au mmeenda kavu? Anza na kuhesabu masaa

Kama unasoma hii saa nane usiku moyo unaenda mbio kwa hofu ya VVU (virusi vya ukimwi), kaa kwanza. Chukua karatasi au fungua simu uandike kitu kimoja tu, siku na saa mliyofanya tendo. Usiandike "juzi", andika ijumaa saa tano usiku, maana karibu kila kitu nitakachokwambia hapa kinahesabiwa kuanzia hiyo saa, na mtu akiwa na hofu hesabu inampotea haraka sana.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Kondomu ilipasuka nikaja kugundua mwishoni, basi siku mbili nzima nikawa nasoma dalili kwenye simu, najipapasa shingo nione kama kuna mitoki, najipima joto asubuhi mchana jioni, na kumbe muda wote huo kuna dawa za kuzuia na masaa yanakatika. Nilifika kituo cha afya yakiwa yamebaki masaa kama saba tu. Ndo maana nakuomba, kabla hujasoma dalili yoyote, angalia saa.

Haijafika masaa 72? Nenda leo, sio kesho. Kuna dawa zinaitwa PEP, ni ARV hizi hizi wanazotumia watu wenye VVU ila unapewa mtu ambaye hujaambukizwa ili virusi visipate nafasi ya kujijenga mwilini. Zinaanzwa ndani ya masaa 72 na kadri unavyowahi ndo zinavyofanya kazi vizuri, yani masaa mawili ni bora kuliko ishirini, na ishirini ni bora kuliko sitini, kwahiyo usije ukasema nina siku tatu ngoja nimalize kazi za leo. Ukifika mapokezi sema hivi: "nahitaji PEP, nimepata hatari masaa kadhaa yaliyopita". Inatosha. Mimi niliulizwa kwa sauti mbele ya watu nina shida gani, nikakaribia kugeuza nirudi nyumbani, na najua kuna watu wanageuza kweli. Usigeuze, omba kuongea na nesi pembeni. Kama umebakwa ni hivyo hivyo, anza na matibabu na useme wazi kwamba umebakwa, mambo ya kesi yatafuata.

Watakupima kwanza, maana kama tayari una VVU vya zamani PEP sio dawa yako, unahitaji matibabu kamili. Waambie kama una shida ya figo, kama una homa ya ini ya B, na dawa zote unazotumia hata zile za kiungulia au vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu baadhi zinagongana na dawa moja inayotumika sana kwenye PEP ambayo ni dolutegravir. Dozi ni siku 28, na sehemu nyingi siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku. Siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kukataa au ndoto za ajabu, mimi wiki ya kwanza nilichoka kama mtu aliyelima, ila ilipita. Weka alamu ya simu saa ile ile kila siku. Ukisahau meza pale unapokumbuka ila usimeze viwili kwa mpigo kufidia, na kama dawa zinakusumbua rudi wakubadilishie, usiziache kimya kimya. Wengi wanaziacha siku ya kumi wakijiona wazima, hilo ndo kosa linaloniuma zaidi maana dozi nusu haikulindi.

Kwa mwanamke anayeogopa na mimba pia, vidonge vya dharura vina masaa 120 lakini navyo kuwahi ni muhimu, ulizia hapo hapo.

Sasa hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Inategemea mlifanya nini. Kubusiana, kushikana, kunyonyana ulimi, jasho, kukaa kwenye choo kimoja, hivyo havina kitu. Ngono ya mdomo hatari ni ndogo sana. Kwa uke bila kondomu, na mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, makadirio ni kama maambukizi 8 kwenye kila matendo 10,000 kwa mwanamke na kama 4 kwa mwanaume. Kwa njia ya haja kubwa inapanda sana, kama 138 kwa anayeingiliwa na kama 11 kwa anayeingilia. Hizo namba zinashangaza watu, wengi wanadhani mara moja tu tayari umeisha, lakini usizitumie kujipa ruhusa ya kukaa nyumbani, kwa sababu ni wastani tu na hatari inaongezeka kama kuna vidonda au ugonjwa mwingine wa zinaa, au kama mwenzio ameambukizwa karibuni, kipindi hicho virusi vinakuwa vingi kweli kwenye damu.

Na kama mwenzio anatumia ARV vizuri na kipimo kinaonyesha virusi havionekani kwenye damu, hakuambukizi kwa ngono. Hilo limethibitishwa. Kinyume chake, mtu kunenepa na kung'aa hakukwambii chochote, na hata akikuonyesha majibu yake ya jana kuwa ni negativ bado inawezekana yumo kwenye kipindi cha dirisha, kwahiyo majibu ya mwenzio hayawi majibu yako.

Kipindi cha dirisha ndo panapochanganya watu. Ni ule muda ambao virusi viko mwilini lakini kipimo bado hakivioni. Ukipima kesho yake ukapata negativ, hiyo inakwambia hali yako ya zamani, haikwambii kitu kuhusu ijumaa. Kipimo cha haraka cha kuchoma kidole, na kile cha kujipima mwenyewe, vingi vinatafuta kingamwili, yani askari ambao mwili unawatengeneza kupambana na virusi, na jibu la uhakika ni siku 90 tangu siku ya tendo. Kuna kipimo cha maabara cha damu ya mshipani kinachotafuta kingamwili pamoja na antijeni, yani kipande cha virusi vyenyewe, hicho kinaona mapema zaidi, kati ya siku 18 na 45. Ulizia unapimwa na kipi, sio aibu kuuliza. Kama ulimeza PEP unapima ukimaliza dozi halafu unarudia kwenye miezi mitatu, ila fuata tarehe walizokupangia maana dawa inaweza kuchelewesha kipimo kuona.

Dalili je? Homa, koo kuuma, upele, mitoki, zinaweza kuja wiki ya pili mpaka ya nne, lakini ndo hizo hizo za mafua na malaria, na kuna wanaoambukizwa bila kuhisi chochote. Hofu peke yake inatoa jasho usiku na kuharisha. Usijipime kwa mwili, pima kwa kipimo. Ila ukipata homa kali na mitoki kwenye hizo wiki, nenda ukaeleze na tarehe yako uwatajie.

Ukijipima nyumbani soma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho kabla hujafungua. Cha mate ninachokijua mimi unapitisha kile kijiti mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini, unakitumbukiza kwenye kichupa na unasoma kati ya dakika 20 na 40, na kabla yake hutakiwi kula wala kunywa kwa dakika 15. Mstari mmoja kwenye C ni negativ. Mstari kwenye C na mwingine kwenye T, hata ukiwa hafifu kiasi gani, maana yake uende kituoni kwa vipimo vya kuthibitisha, bado sio jibu la mwisho. Hakuna mstari kwenye C, kipimo kimeharibika. Usikitoe kwenye pipa kesho yake ukakisoma tena kwenye mwanga wa dirisha, nimefanya hivyo na mistari ya kuchelewa haina maana yoyote zaidi ya kukunyima usingizi.

Kwenye hizo siku zote tumia kondomu na kila mtu, hata wa nyumbani, na usichangie damu. Pima pia kaswende na kisonono, watu wanavisahau wakati vinaambukizwa kirahisi kuliko VVU na vinatibika.

Jibu likithibitishwa ni positiv unaanza ARV haraka, ikiwezekana siku hiyo hiyo, na ukizimeza vizuri unaishi, unazaa, unazeeka kama wengine. Likiwa negativ baada ya siku 90 na hujapata hatari nyingine katikati, limeisha, usirudie. Mimi nilirudi siku ya 97 bila sababu yoyote. Mshauri nasaha hakunichoma kidole, alivuta kiti akaniuliza nini hasa kinaniogopesha, tukaongea karibu saa nzima na VVU tulivitaja kidogo sana, mengi yalikuwa ni kuhusu mtu niliyekuwa namficha. Jioni ile nilienda kumwambia.