Kupima klachi ya Hilux ya zamani kabla ya kushusha giaboksi

Mwongozo huu ninauandika kwa ajili ya pikapu za Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1990, ambazo klachi yake husukumwa kwa mafuta ya breki. Kushusha giaboksi ni kazi nzito, na huniuma sana ninapoona mwenye gari amelipia kazi hiyo wakati kibovu chenyewe kilikuwa raba ndogo iliyo nje kabisa. Kwa sababu hiyo tunaanzia kwenye kopo la mafuta, na pleti, yaani sahani ya klachi inayobanwa kati ya injini na giaboksi, tunaifikia mwisho.

Hatua ya 1: Mafuta na masta mbili

Fungua boneti, utazame kopo dogo la klachi. Mafuta haya hayaunguzwi wala hayatumiki, hivyo yakipungua jua kwamba yanavuja mahali. Ingiza mkono chini ya dashibodi, ushike fimbo inayotoka kwenye pedali kwenda masta ya juu, yaani pampu ndogo inayosukuma mafuta. Ikiwa imelowa, raba za masta hiyo zimekwisha. Kisha weka vigingi kwenye matairi, uingie chini ya gari injini ikiwa imezimwa, na uvute taratibu mpira wa vumbi wa masta ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi, ambayo husukumwa na mafuta hayo na fimbo yake ndiyo huendesha klachi. Mafuta yakichuruzika, umeshapata jibu.

Hatua ya 2: Pedali

Ikandamize kwa vidole, si kwa mguu. Katika Toyota nyingi za zamani inatakiwa iende bure milimita 5 hadi 15 kabla ya kuwa nzito. Pasipo nafasi hiyo, pleti haibanwi sawasawa na huanza kuteleza; nafasi ikizidi, klachi haiachii, yaani haitenganishi injini na giaboksi.

Hatua ya 3: Je, klachi inaachia?

Washa injini, kanyaga pedali hadi mwisho, subiri sekunde tano, kisha ingiza rivasi. Gia ikikwaruza, kanyaga upya mara mbili tatu kwa haraka na ujaribu tena. Ikiingia vizuri safari hii, tatizo liko kwenye mafuta: kuna upepo ndani ya bomba, au raba imechoka.

Sasa zima injini, umwombe mtu akanyage pedali na kuishikilia, nawe uwe chini ukiitazama fimbo ya masta ya chini. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote. Niliwahi kuletewa Hilux iliyokuwa imefungwa pleti mpya kwingine, lakini kwenye foleni, dereva akiwa amekanyaga klachi na gia imo, gari lilikuwa linajisogeza lenyewe. Nilipoitazama ile fimbo, ilitoka vizuri, kisha ikaanza kurudi polepole ilhali mguu ulikuwa palepale. Mafuta yalikuwa yakipenya ndani ya masta ya juu bila tone lolote kuonekana nje, na seti ya raba pamoja na kutoa upepo vilimaliza kazi. Fimbo ikitoka yote na kutulia, huku gia bado zinakwaruza, hapo ubovu uko ndani.

Hatua ya 4: Je, inateleza?

Barabara ikiwa wazi, endesha kwa gia ya nne kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipanda mlio bila gari kuongeza mwendo, pleti inateleza. Usirudie mara nyingi, kwa kuwa kila jaribio huichoma zaidi.

Hatua ya 5: Sauti

Mlio unaotokea unapokanyaga pedali ni wa beringi ya klachi. Ule unaosikika gia ikiwa huru na kupotea ukikanyaga, mara nyingi ni wa beringi ya mbele ya giaboksi.

Hatua ya 6: Giaboksi ikishuka

Usipulize vumbi kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa pleti za zamani huenda zina asbesto inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi. Ukikuta pleti imelowa oili, inuse kabla hujaagiza nyingine. Oili nyeusi ya injini inamaanisha sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya kirankshafti, yaani shafti kuu ya injini, ilhali harufu kali ya kiberiti ni ya oili ya giaboksi, na sili ya kubadilisha ni ile ya shafti yake ya mbele.