Goti la bandia likianza kuuma upya

Wadogo zangu wa zamu, mzee wa Ujiji akiingia anachechemea, goti la bandia limevimba, msikimbilie kumwandikia dawa. Antibiotiki ikitangulia, kipimo kinaweza kutoka safi huku usaha uko ndani. Kama hali yake si mbaya, homa haijamlemea na presha haijashuka, chukueni sampuli kwanza.

Pandisha kanzu, tazama kovu. Ukikuta kitundu kinachovuja na kinachoingia hadi kwenye kiungo, jibu umeshalipata: kiungo kina maambukizi. Hakuna? Pima CRP na ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini. Zikiwa juu zinatia shaka tu. Hata malaria huzipandisha, na Kigoma malaria haituachi.

Kazi yenyewe ni maji ya kiungo. Yavutwe kwa sindano, ngozi ikiwa imesafishwa kama ya kwenda kupasuliwa. Kwa goti lililowekwa muda mrefu, seli nyeupe zikizidi 3,000 kwa mikrolita, shuku sana. Waombeni maabara waoteshe vijidudu vya maji hayo hadi siku 14, maana sahani ya kuoteshea ikitupwa mapema, vijidudu vinavyoota polepole havijajitokeza. Kijidudu kilekile kikiota kwenye sampuli mbili, ubishi umekwisha.

Nyonga iko ndani zaidi. Huko sindano iongozwe na ultrasaundi.