Toa betri ya saa kwenye kompyuta yako ya zamani kabla haijala bodi

Ndugu zangu, kama uko na kompyuta ya zamani nyumbani, iwe Amiga, iwe Archimedes, iwe PC ya 386 au 486 ambayo shule ilikuwa inatupa wewe ukaiokoa, fungua leo uangalie betri ya saa. Usingoje ilete shida, maana ikileta shida ujue bodi imeshaliwa. Kazi yake ni kidogo tu, kukumbuka saa, tarehe na setingi, lakini inaua mashine hata kama imezimwa imekaa kwa boksi juu ya kabati miaka yote.

Mara nyingi utaikuta kama kapipa kadogo ka bluu au kijani, volti 3.6, imechomewa moja kwa moja kwa madabodi, ile bodi kubwa ya ndani. Kwa Amiga 2000 iko jirani na prosesa, kwa Amiga 500 Plus ya 1991 iko kwa bodi yenyewe, na kwa 500 ya kawaida iko kwa ile kadi ya memori inayoingia chini, kwa hiyo hapo una bahati kidogo. PC nyingi iko karibu na tundu la kibodi, ndiyo maana ukiona kibodi haijibu usikimbilie kununua kibodi ingine, mulika kwanza hapo. Ukiona unga mweupe au kijani, au njia za shaba zimekuwa nyeusi, imeshavuja.

Kabla ya kuitoa kwa PC ambayo bado inawaka, ingia setapu ya BIOS (ile kurasa ya setingi unayoifungua mashine inapoanza kuwaka) upige picha kila ukurasa, hasa namba za hadi diski, silinda, hedi na sekta, kwa sababu betri ikitoka zote zinapotea na utazihitaji. Halafu chomoa umeme, toa bodi nje kabisa, vaa glovu na miwani, ukate miguu ya betri kwa plaizi. Usiivute, utang'oa shaba nayo.

Sasa kusafisha. Maji yaliyo ndani ya hizi betri za nikeli na kadimiamu ni potasiamu haidroksaidi, siyo asidi kama ya betri ya gari, ni kinyume chake, kwa hiyo kinachoiua ni siki nyeupe ya supamaketi. Watu wengi wanapaka spiriti peke yake, bodi inang'aa wanafurahi, na chini kwa chini inaendelea kulika. Chovya mswaki kwa siki, sugua taratibu, acha dakika chache, rudia mpaka isitoe povu tena. Soketi za chipu zilizo jirani toa chipu usafishe na huko chini pia, maana yale maji yanatambaa mbali kuliko unavyoona kwa macho. Halafu osha siki yote, usiiache, kwa maji ya betri ya petroli stesheni (yale safi, siyo asidi, uliza vizuri kabla ya kulipa), malizia na spiriti kali ya isopropaili, wale mafundi wa simu wa Kampala wanayo. Acha ikauke kabisa, na msimu wa mvua huku kwetu usiamini siku moja, weka mbele ya feni.

Ikikauka chukua mita ya umeme upime kama njia hazijakatika, moja moja karibu na pale, pamoja na vitundu vinavyopita upande wa pili. Iliyokatika kwangua mpaka uone shaba safi, paka fluksi (dawa ya kusaidia risasi ya kulehemu ishike), halafu unganisha na kawaya kembamba. Risasi ikikataa kushika ujue bado kuna uchafu, rudi kwa siki, usiongeze moto.

Betri mpya? Kwa maoni yangu kama ni Amiga acha bila, inawaka vizuri tu, saa ndiyo haitakumbuka. Ukitaka lazima, weka CR2032 (ile betri bapa kama sarafu) kwa kishikizo chake mwisho wa waya, mbali na bodi, LAKINI bodi hizi huwa zinachaji betri na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba au kupasuka. Weka daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwa waya wa chanya, 1N4148 inatosha, upande wenye mstari uelekee bodi. PC nyingi ziko na pini za betri ya nje na jampa yake (kile kikofia kidogo cha kuunganisha pini), angalia hiyo kwanza.

Wenye Macintosh za zamani kama SE/30, yenu ni lithiamu ya 3.6, usijaribu kuichaji na usiifuate hii habari ya siki, ila kuitoa itoe leo leo, ikipasuka inakula mpaka chuma cha ndani.

Na ile ya zamani usiitupe shambani kwa matoke, kadimiamu ni sumu. Ifunge kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iweke mbali na watoto mpaka upate wanaokusanya taka za elektroniki.