Kuonja bia ukiwa Tabora: anzia puani

Kazi yangu ni uteuzi wa tumbaku. Msimu wa masoko ukifika nasimama mbele ya marobota, nachomoa jani, naliangalia rangi, nalipapasa, nalinusa, kisha nataja daraja huku mkulima akinikodolea macho. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini mwongozo huu unaanzia puani. Wapenzi wengi wa bia ninaowajua huanzia kooni, na koo halijui mengi. Ulimi wenyewe hutambua vitu vichache tu: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama. Ndizi, karafuu, kahawa, embe, boksi lililolowa, yote hayo ni mambo ya pua.

Bia za viwanda vidogo, hizi ambazo vijana wa Dar wanaziita kraft, mimi hapa Tabora sijaona baa inayoziuza. Usikae kuzingojea. Anzia kaunta ya baa ya mtaani kwako, soko la nafaka na kilabu cha wanzuki, yaani pombe ya asali. Ukija kupanda treni kwenda Dar, kilomita 840, utafika ukiwa na pua iliyofunzwa. Asiyejizoeza atalipia bia ya bei kali, apige funda, aseme "mbona chungu?", na pesa imekwenda.

Chupa mbili, glasi mbili

Nunua Safari moja na Kilimanjaro moja. Zote ni laga, yaani bia iliyochachuliwa na hamira inayopenda ubaridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, kisha ikapumzishwa mpaka ikatulia. Safari ina kilevi asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5. Ukizinywa siku tofauti hutakuwa na la maana la kusema. Zikikaa mbele yako kwa pamoja, kila moja inamchongea mwenzake: ipi imejaa mdomoni, ipi inakata haraka, ipi inaacha utamu wa nafaka nyuma ya ulimi.

Omba glasi. Ukinywea kwenye chupa umeifungia pua nje. Glasi ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji mengi, iachwe ikauke yenyewe, kwa sababu kile kitambaa kilichopita kwenye meza ya kitimoto kinaacha mafuta, na mafuta yanaua povu. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania ubavuni mwa glasi badala ya kupanda juu, glasi hiyo ni chafu hata ikiwa inang'aa. Mimina ukiwa umeilaza kidogo, mwishoni uisimamishe ili povu lipande kiasi cha vidole viwili. Harufu inapandia hapo. Wale wanaomimina polepole kama wanaogopa kuiamsha bia, kisha wakaona fahari kwamba haina povu, wanajinyima.

Mhudumu atakuuliza, ya moto au ya baridi? Kwa kuonja, unataka iliyo katikati. Ya baridi sana inautia ulimi ganzi na harufu inabaki imelala. Ya moto, kwa joto la Tabora la mwezi wa Oktoba, ni adhabu. Agiza ya baridi, iache mezani robo saa, halafu ndiyo uiguse. Guinness, ile bia nyeusi, ipe muda zaidi ya huo.

Nusa mara mbili, kwa ufupi, kabla ya kunywa. Kisha funda dogo, lizungushe mdomoni, meza, ufunge mdomo na kutoa pumzi kwa puani. Pumzi hiyo ya kurudi ndiyo inayoleta harufu ambazo hukuzipata mwanzo. Katikati ya bia moja na nyingine kunywa maji na utafune kitu kisicho na chumvi. Kipande cha ugali mkavu kinafaa kabisa, karanga za kukaanga hazifai.

Mkishazoea, chezeni mchezo wa glasi tatu. Mmoja anamimina akiwa nyuma ya ukuta: glasi mbili zina bia ileile, ya tatu ina nyingine, na chini ya kila glasi amebandika alama. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti, basi, hata kama hujui jina lake. Rangi zikikaribia kukupa jibu, tumieni vikombe vya bati. Kwa kubahatisha tu mtu hupatia mara moja kati ya tatu, kwa hiyo rudieni, msimtawaze mtu bingwa kwa raundi moja. Mtani wangu mmoja Mzaramo, anayeapa kwamba midomo yake haiguswi na bia nyingine zaidi ya ile yake, alipewa glasi mbili za bia moja akaisifia ya kwanza na kuitukana ya pili. Sisi Wanyamwezi hatutamwacha apumzike hadi kaburini.

Kikaango na kimea

Zoezi hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na halina kilevi, kwa hiyo hata mama mwenye nyumba hatalalamika. Nenda sokoni upande wa nafaka uulizie kimea cha mtama au cha ulezi. Wengi wanauza kilichosagwa. Wewe omba punje nzima. Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikachipua, ikakaushwa kabla mche haujala akiba yake. Kule kuchipua kunaamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo hamira itakayokuja kuila na kutoa kilevi.

Gawa mafungu matatu. La kwanza liache lilivyo. La pili likaange kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga, mpaka liwe rangi ya biskuti. La tatu endelea nalo mpaka likaribie weusi, lakini likianza kutoa moshi mkali limeshaungua, litupe uanze upya. Twanga kila fungu kidogo tu, lipasuke. Weka vijiko vitatu vya kila moja katika kikombe chake, mimina maji ya moto yasiyochemka, funika dakika 20, chuja.

Sasa nusa kwa zamu. Kikombe cha kwanza kina uji na nyasi kavu. Cha pili kina mkate, karanga, biskuti. Cha tatu kina kahawa, ukoko wa ugali, na ukikituliza utaona chokoleti chungu. Umeshapita mpaka hapo kwenye bia ya manjano, eli ya kahawia (eli ni bia ya hamira inayopenda joto) na stauti, yaani bia nyeusi ya aina ya Guinness, bila kufungua chupa. Watengeneza bia hutumia zaidi shayiri, na shayiri ina harufu yake, ila kazi ya moto ni ileile. Kesho yake nunua Guinness uinuse ukikikumbuka kikombe cha tatu. Ule weusi na ile kahawa vinatoka kwenye shayiri iliyokaangwa, nayo ni sehemu ndogo tu ya nafaka yote iliyotumika. Watu wananibishia kwamba imetiwa kahawa. Wapelekeni kikaangoni.

Wala usione aibu kuanzia jikoni. Sheria ya Marekani iliyoruhusu mtu kujitengenezea bia nyumbani ilitiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, na wengi waliokuja kufungua viwanda vidogo huko walianza na masufuria yao wenyewe. Ken Grossman alikuwa mmoja wao, na mwaka 1980 kiwanda chake cha Sierra Nevada kikapika bia ya kwanza.

Hopsi, zile hatuna

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, wa jamii moja na bangi (usicheke, ndivyo ilivyo, ila hailevyi vile), na unapenda nchi zenye siku ndefu za kiangazi, mbali na ikweta. Hutaukuta Sikonge. Ukichemshwa muda mrefu kwenye bia unatoa uchungu. Ukitiwa mwishoni, au bia ikiwa imeshapoa, unatoa harufu. Uchungu huo hupimwa kwa kipimo kiitwacho IBU: laga nyingi za baa ziko chini ya 20, IPA, yaani eli zenye hopsi nyingi, mara nyingi ziko kati ya 40 na 70. Ndiyo maana nasema jizoeze uchungu kwanza. Kula mchunga na nyanya chungu bila kuzifunika kwa karanga, usikilize uchungu unaanza lini na unakaa muda gani. Uchungu mzuri wa bia unakuja, unasafisha mdomo, unaondoka. Ukiganda kooni kama dawa, andika hivyo.

Harufu ni habari nyingine. Hopsi za Cascade, zilizotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, zinanukia balungi. Citra na Mosaic zinakwenda kwenye embe na pasheni. Unaweza kupata IPA inayonukia embe bivu na hakuna embe lililotiwa humo. Mafuta yaitwayo mirseni yapo kwenye hopsi na yapo kwenye embe pia. Sisi wa mji huu uliojaa miembe tuna faida kubwa hapa. Mzungu ataandika "embe" akanyamaza. Wewe unajua embe bichi lenye chumvi, embe lililoiva mtini, embe lililopitiliza na kuanza kuchacha, na utomvu unaochoma mdomo. Andika lipi kati ya hayo.

Jua

Kabla hujalaumu kiwanda, angalia chupa ilikaa wapi. Mwanga wa jua ukigonga bia yenye hopsi unazalisha harufu ya kicheche, na haichukui siku nzima. Chupa ya kahawia inakinga vizuri, ya kijani kidogo sana, nyeupe haikingi. Jaribu: mimina laga kwenye glasi mbili, moja iweke juani nusu saa, nyingine kabatini, zipoze zote sawa kisha uzinuse. Ukishaijua harufu hiyo hutanunua tena chupa iliyopangwa dirishani. Joto nalo linaizeesha bia mpaka inukie boksi, kwa hiyo soma tarehe kwenye lebo.

Kilabuni, na kule Kigoma

Uchachu jifunzie kilabuni. Wanzuki ni asali iliyotiwa maji ikaachwa ichachuke. Asali nzima haichachuki kwa sababu maji yake ni machache, chini ya asilimia 20 au karibu na hapo, na hamira haiwezi kufanya kazi. Nenda siku ya kwanza ya pipa, kikombe kidogo, ni tamu na asali bado inasikika. Rudi kesho yake: utamu umepungua, kilevi kimepanda, uchachu umeingia. Siku ya tatu wengine wanaikimbia. Mimi hapo ndipo ninapoipenda. Kuna bia za Ubelgiji zinazochachuliwa kwa vijidudu vya hewani ambazo uchachu wake unathaminiwa sana, na mzoefu wa pombe ya mtama hatashtuka akizionja. Chagua kilabu chenye maji safi na mpishi unayemjua. Gongo achana nayo.

Ukifika mkoa wa Kigoma, ulizia pombe ya ndizi huko Kasulu, inayokamuliwa kwa ndizi mbivu na kutiwa mtama uliokaangwa. Ilinganishe, ukija kubahatika, na bia ya ngano ya Kijerumani. Ile ya ngano inanuka ndizi waziwazi pamoja na karafuu, na harufu zote mbili zimetoka kwa hamira, hakuna ndizi ndani yake.

Ukienda Dar

Huko kuna kiwanda kidogo cha Crafty Dee's, na Nairobi kuna 254 Brewing Company. Usiagize glasi kubwa ya kwanza unayoiona. Omba glasi ndogo za kuonjea, nne zinatosha, uzipange kutoka nyepesi kwenda nzito, chungu kabisa mwishoni. Kula kwanza, na pikipiki iache nyumbani.

Daftari lako liwe na mistari minne kwa kila bia: rangi, harufu, ladha, kinachobaki kooni. Usiandike "tamu" wala "kali". Kwenye tumbaku ukiniambia jani ni "zuri" hujaniambia kitu. Nataka kujua limetoka sehemu gani ya mche, rangi gani, lina unene gani. Andika kwa vitu ulivyowahi kunusa: bani (banda la kukaushia tumbaku) baada ya moto kuzimwa, mchembe (kiazi kitamu kilichokaushwa) uliochemshwa, udongo baada ya mvua ya kwanza. Michembe, kwa taarifa yako, inakaa vizuri sana na stauti, kuliko nyama choma. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakakauka wape laga.

Ukirudi na chupa, zisimamishe wima, zifunge kwenye nguo ndani ya boksi la barafu, usiziweke juu ya injini ya basi. IPA nunua mbili za aina moja. Moja inywe wiki hiyohiyo uandike. Ya pili ifiche kabatini miezi mitatu, kisha ifungue bila kusoma ulichoandika, uandike upya, halafu ndiyo ufunue ukurasa wa nyuma.