Jinsi ya kujifunza hotuba na uongozi ndani ya klabu ya kuzungumza

Wengi hujiunga na klabu ya kuzungumza wakitaka jambo moja tu: wasitetemeke mbele za watu. Watalipata, ila kwa njia wasiyoitegemea. Katika vikao sita huenda ukahutubu kimoja. Vitano vilivyobaki utashika saa, utahesabu vijazio (maneno ya kuziba pengo, kama "eee"), utatathmini mwenzako au utaongoza ratiba. Anayezichukulia zamu hizo kama foleni ya kusubiri hotuba yake hukosa sehemu kubwa ya mafunzo, na ndiye hulalamika baada ya miezi sita kwamba hajabadilika.

Mpango huu ulikuwapo tangu mwanzo. Ralph Smedley, aliyeanzisha klabu iliyozaa Toastmasters International, mtandao wa kimataifa wa klabu za kuzungumza, tarehe 22 Oktoba 1924 huko Santa Ana, California, aliona vijana wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, wanahitaji kujifunza kuzungumza, kuendesha vikao na kufanya kazi za kamati, akayaweka yote hayo katika mkutano mmoja. Klabu nyingi leo, ziwe ndani ya mtandao huo au zinajitegemea, zinafuata muundo uleule.

Kabla ya kujiunga

Hudhuria vikao viwili ukiwa mgeni. Usipime klabu kwa ufasaha wa wazungumzaji wake, maana hao huenda walikuja wakiwa hodari tayari. Angalia kama kikao kilianza na kumalizika kwa saa iliyotangazwa. Sikiliza watathmini: wanataja maneno halisi aliyoyasema mzungumzaji, au wanapiga makofi na kusema "hongera sana"? Halafu uliza nani anapanga zamu, na ratiba ya mwezi ujao iko wapi. Wakianza kutazamana, basi zamu hugawiwa mlangoni dakika tano kabla ya kikao, na hapo hakuna anayejiandaa.

Kama hakuna klabu karibu nawe, anzisheni. Watu kumi wanatosha kuendesha kikao kamili. Chini ya sita, kila mmoja hubeba zamu mbili na uchovu huingia haraka. Ili kusajiliwa kama klabu ya Toastmasters kwa kawaida huhitajika wanachama 20, lakini hakuna kinachowazuia kuanza kabla ya hapo.

Kikao cha dakika 90

Mgawanyo huu unafanya kazi kwa watu 12 hadi 20:

- Dakika 8: ufunguzi, na kila mwenye zamu kueleza kazi yake kwa sentensi mbili
- Dakika 30: hotuba tatu zilizoandaliwa, kila moja dakika 5 hadi 7, pamoja na utambulisho na dakika moja ya wasikilizaji kuandika maoni
- Dakika 20: mada za papo kwa papo
- Dakika 12: tathmini tatu, kila moja dakika 2 hadi 3
- Dakika 8: taarifa za mtunza muda, mhesabu vijazio na mshika lugha (anayefuatilia matumizi ya lugha)
- Dakika 5: mtathmini mkuu, anayekitathmini kikao chenyewe
- Dakika 7: matangazo na kufunga

Muda hupotea zaidi kwenye mapengo kuliko kwenye hotuba. Mwongozaji anamsifu mzungumzaji dakika mbili, anatafuta karatasi, anauliza nani anafuata, na kikao kimepitiliza robo saa bila mtu kujua ilikwenda wapi. Dawa ni mwongozaji kuandika utambulisho wa kila mtu siku moja kabla, usiozidi nusu dakika: kichwa cha hotuba, lengo lake, jina. Jina litajwe mwisho, kwa sababu ndilo linaloita makofi.

Zamu ndogo zinazofundisha sana

Anza na kutunza muda. Unahitaji saa na kadi tatu za rangi. Kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, kijani huonyeshwa dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Katika mashindano ya Toastmasters, anayezidi 7:30 au asiyefika 4:30 huondolewa. Keti nyuma ya ukumbi, mkabala na mzungumzaji. Ukikaa pembeni itambidi ageuze shingo kukutafuta. Kosa la kawaida ni mtunza muda kunogewa na hadithi akasahau kadi, kwa hiyo weka kidole juu ya ile inayofuata na utazame saa kila sentensi inapoisha. Baada ya zamu mbili utaanza kuhisi dakika moja ina urefu gani, na hisia hiyo haipatikani kwa kusoma.

Zamu ya pili iwe kuhesabu vijazio: "eee", "yaani", "kwa hiyo", "nini", "sawa?", "unaona". Chora jedwali, majina upande mmoja na vijazio juu, kisha uweke alama. Tenganisha "yaani" inayofafanua na "yaani" inayoziba pengo. Ya kwanza ni neno halali na haihesabiwi. Ukitoa taarifa, mtajie kila mtu kijazio chake kikubwa na mahali kinapojitokeza, kwa kawaida kati ya hoja mbili. Hapo ndipo tiba ilipo. Kijazio huja kwa sababu mdomo umefika kabla ya wazo, na anayekiacha hana budi kuzoea kunyamaza mahali pake. Ukimya wa sekunde mbili humwogopesha anayesema. Anayesikiliza huuona kama pumziko.

Hotuba ya kwanza

Ifanye ndani ya mwezi wa kwanza, kabla woga haujapata muda wa kukua. Kwa desturi ni ya kujitambulisha, dakika 4 hadi 6. Usihadithie maisha yako yote tangu kuzaliwa. Chagua kitu kimoja ambacho mtu akikijua amekujua kidogo.

Tuseme umechagua cherehani aliyokufundishia mama. Wanaoanza husema: "Habari zenu. Kama mlivyosikia, jina langu ni fulani, na leo ningependa kuzungumza machache kuhusu cherehani ya mama yangu." Sekunde kumi na tano zimekwisha na hakuna jipya, kwa kuwa mwongozaji ameshayasema yote hayo. Anza ndani ya jambo: "Kila usiku nililala nikiisikia cherehani ya mama. Siku iliyonyamaza, niliamka." Sasa wanataka kujua kwa nini ilinyamaza. Salamu kwa wenyeji unaweza kuitoa baada ya hapo, kwa ufupi.

Andika hotuba nzima mara moja, kisha iache. Kwenye kadi weka mistari mitano ya maneno machache kwa herufi kubwa. Kariri sentensi mbili za kwanza na mbili za mwisho tu, kwa sababu mapigo ya moyo huwa makali mwanzoni na sentensi ulizozizoea hukuvusha. Ukikariri yote, neno moja likipotea na yanayofuata hupotea.

Fanya mazoezi ukiwa umesimama na kwa sauti, si chini ya mara tano, moja ukijirekodi kwa simu. Anayesoma kimya akiwa ameketi hujidanganya juu ya muda, maana jicho lina mbio kuliko ulimi. Wala usitegemee hesabu za maneno kwa dakika kutoka miongozo ya Kiingereza. "Nitakapowaeleza" ni neno moja kwetu, kwao ni manne au matano. Pima kasi yako mwenyewe: soma ukurasa wako kwa sauti, tazama saa, hesabu. Ukiwa na kikomo cha dakika 6, lenga 5. Kicheko na ukimya vitakula iliyobaki.

Kuhusu macho, mtazame mtu mmoja mpaka sentensi iishe, ndipo uhamie kwa mwingine upande wa pili. Kupepesa ukumbi mzima kama feni hakumfikii yeyote. Mikono isiyo na kazi ining'inie pembeni. Itakuonekea ajabu wewe peke yako.

Mada za papo kwa papo

Hapa unapewa swali usilolijua ujibu kwa dakika 1 hadi 2. Anayeuliza asome swali kwanza, ndipo ataje jina, ili kila mtu awe ameshaanza kufikiri. Akitaja jina kwanza, wengine wanapumua na kuacha kusikiliza. Swali liwe la sentensi moja na liweze kujibiwa na yeyote bila utaalamu.

Ukiitwa, tembea polepole. Hatua hizo ni muda wako wa kufikiri. Simama, vuta pumzi, kisha toa jibu lako katika sentensi ya kwanza, sababu moja katika ya pili, na mfano mmoja uliouona kwa macho. Mfano ndio unaojaza dakika. Wengi huharibu kwa kurudia swali mara mbili na kulisifu, au kwa kutafuta jibu lililo sahihi. Hakuna anayesahihisha mtihani hapa. Kadi ya njano ikiinuka, rudi kwenye jibu lako la kwanza kwa maneno mengine na ukae.

Tathmini

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko hotuba, na ndiyo inayomjenga kiongozi. Subiri mpaka umehutubu mara mbili tatu, kisha uiombe mara kwa mara.

Siku moja au mbili kabla ya kikao, muulize mzungumzaji anafanyia kazi nini. Pengine anataka kupunguza kutegemea karatasi. Basi hilo ndilo utakalolitazama. Wakati wa hotuba gawa ukurasa mara mbili: kushoto uandike ulichokiona au kukisikia, neno kwa neno inapowezekana, na kulia kilichotokea kwako au ukumbini. Mwisho utakuwa na mistari kumi na tano. Chagua mitatu: miwili ya nguvu na mmoja wa kurekebisha. Ukitaja makosa saba, ataondoka na uchungu na hatorekebisha hata moja.

Linganisha tathmini hizi mbili. Ya kwanza: "Ulizungumza vizuri, sauti ilisikika, ila jiamini zaidi." Mzungumzaji hawezi kufanya lolote na maneno hayo, maana hakuna mtu anayejua jinsi ya kujiamini zaidi kufikia Jumanne ijayo. Ya pili: "Uliposema 'siku iliyonyamaza, niliamka', ulisimama kidogo, na aliyekaa mbele yangu akaacha kuandika. Katikati ya hotuba uliangalia kadi sentensi ikiwa haijaisha, na mwisho wa sentensi haukusikika kwa sababu kidevu kilikuwa chini. Wakati ujao maliza sentensi ukitutazama, nyamaza, soma kadi, inua kichwa, ndipo useme." Hii imetaja tendo, athari yake na la kufanya.

Tathmini hotuba, usitathmini maisha ya mtu wala msimamo wake. Mzungumzaji akisimulia msiba, usimwambie alipaswa kuuchukuliaje. Na heshima kwa mkubwa isikuzuie: aliyekuzidi umri au cheo anastahili rekebisho moja la kweli kama mwingine yeyote, likisemwa kwa adabu. Klabu inayowasifu wakubwa na kuwakosoa wadogo hupoteza wadogo, na wakubwa hubaki na makosa yao.

Anayetathminiwa anyamaze na aandike. Akianza kujitetea, atakayemtathmini mara nyingine ataogopa kusema ukweli.

Kutoka zamu hadi uongozi

Ukishaongoza kikao kizima mara mbili, gombea nafasi. Klabu za Toastmasters zina nafasi saba: rais, makamu watatu (elimu, uanachama na uhusiano), katibu, mweka hazina na msimamizi wa ukumbi. Klabu ndogo inaweza kuunganisha baadhi, lakini makamu wa elimu abaki peke yake, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga zamu, na zamu zikivurugika kila kitu huvurugika.

Kazi yake kwa vitendo ni hii. Anatoa ratiba ya wiki nne mbele. Siku tano kabla ya kikao anamwandikia kila mwenye zamu kwa jina lake, si tangazo la kundi, maana tangazo la kundi kila mtu hudhani linamhusu mwingine. Siku mbili kabla, ambaye hajajibu anapigiwa simu. Daima ana watu wawili wa akiba ambao wamekubali mapema. Anaweka daftari la nani amefanya nini, ili asijikute anawarudia walewale wanne wasiojua kukataa. Ndio huchoka na kuondoka kwanza, na klabu hushangaa.

Hakuna mshahara wala adhabu hapa. Mtu anatimiza ahadi kwa sababu umemwomba vizuri, umemweleza kwa nini yeye, na umeona alipofanya. Asiyetokea mara mbili mfululizo aulizwe faraghani kama kuna tatizo, kabla ya kumwondoa kwenye ratiba. Mara nyingi amepewa zamu iliyomzidi na ameona haya kusema. Mpe mlezi, mwanachama mzoefu wa kukaa naye nusu saa kabla ya zamu inayofuata.

Muhula ukikaribia kuisha, mtafute atakayekurithi miezi miwili kabla, mkae pamoja kwa ratiba mbili. Ya kwanza upange wewe, naye aone ujumbe wako na simu zako zote. Ya pili apange yeye, nawe usiguse chochote hata ukiona pengo, mpaka akuulize. Kisha mkabidhi daftari.