Mchungaji unaenda kwa usharika rafiki Ujerumani na unataka waje wakuite tena? Fanya hivi

Nimeshaenda Ujerumani mara tatu kwa usharika rafiki wetu, upande wa Sachsen karibu na Leipzig, na ya nne Mungu akipenda ni mwakani baada ya Pasaka. Kila nikirudi wachungaji wenzangu wananipigia wanauliza mwenzetu unafanyaje mpaka wanakuita tena na tena, wengine wanadhani kuna dawa. Hakuna dawa, kuna daftari. Ntalielezea huko chini, kwanza makaratasi maana hapo ndo wengi wanakwama.

Anza nyumbani kabla ya ubalozi. Ukishapata mwaliko usiutangaze kanisani, upeleke kwanza kwenye baraza la wazee, halafu kwa mkuu wa jimbo, halafu dayosisini ukapewe kibali na barua ya utambulisho. Na wakati unasubiri hiyo barua panga nani atashika zamu zako, nani atafundisha kipaimara, nani atazika, maana watu hawaachi kufa eti mchungaji yuko Ulaya. Safari yangu ya kwanza sikupanga vizuri, mwinjilisti akabaki peke yake na misiba minne ndani ya wiki mbili, niliporudi alinisalimia kwa heshima zote lakini niliona.

Viza ya Schengen unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku kumi na tano kabla, ila hizo siku kumi na tano usizijaribu, miadi ya ubalozini pale Umoja House Dar inaweza kukucheleweshea vibaya. Ada ni euro 90 na wakikunyima hairudi. Bima ya safari iwe inagharamia kuanzia euro 30,000, pasipoti iwe na kurasa mbili wazi na iendelee kuishi angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kule. Kama gharama zote wanabeba wenyeji, mwambie mmoja wao aende ofisi ya wageni ya mji wao akajaze ile barua ya dhamana wanayoiita Verpflichtungserklärung, alafu akutumie ile orijino, usiende na picha ya wasap. Na kubwa kuliko zote, afisa anataka kuona kwamba utarudi, kwahiyo beba cheti cha ndoa, barua ya kazi, salari slipu, hati ya kiwanja kama unayo. Pasipoti zako za zamani zenye viza usizitupe. Utaratibu wao unasema ukishapata viza tatu ndani ya miaka miwili na ukazitumia vizuri, inayofuata wanaweza kukupa ya mwaka mzima ya kuingia na kutoka, sisi wa mara moja kila baada ya miaka mitatu haituhusu sana ila nyie mnaoratibu ushirikiano wa dayosisi inawahusu kabisa.

Mzigo. Wamama wa usharika watataka kukubebesha kila kitu na huwezi kuwakatalia wote, ila fahamu nyama na maziwa na chochote kilichotokana navyo haviingii Ulaya, wanavitupa mbele ya macho yako. Parachichi na embe bila cheti cha afya ya mimea navyo havipiti. Cha kufurahisha ndizi inaruhusiwa, pamoja na nanasi na nazi, kwahiyo sisi wa mlimani tumebarikiwa, nilienda na mkungu mdogo nikaukata vichane nikafunga kwenye khanga ukafika salama. Kahawa iliyokaangwa na kusagwa ndo zawadi namba moja. Kitenge sawa lakini kabati zao zimeshajaa vitenge vya miaka thelathini ya wageni kama sisi. Kanzu yako nyeupe na stola beba, wao wachungaji wengi wanavaa joho jeusi na vile vitambaa viwili vyeupe shingoni, na wanapenda ukivaa vya kwenu.

Sasa mahubiri. Ndugu yangu, ibada yao ni saa moja. Saa moja kweli, na mahubiri ni dakika kumi na tano, na ukiwa na mkalimani maana yake wewe una dakika saba. Andika neno kwa neno, mtumie mkalimani wiki mbili kabla, na misemo punguza. Mara ya kwanza nilisimama nikafungua kwa "mgeni njoo mwenyeji apone", mkalimani akanyamaza, akanisogelea akaninong'oneza, "Mwenyeji gani anaumwa?" Kanisa zima linasubiri. Tulipoteza dakika mbili kati ya zile saba nikimwelezea kwamba hakuna mgonjwa.

Kinachofanya kazi ni wimbo. Kitabu chao cha nyimbo namba 116 ni ule wetu wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, ulioandikwa na Mchungaji Bernard Kyamanywa mwaka 1966, wao wanauimba kwa Kijerumani na wengi hawajui umetoka Tanzania. Anza ubeti wa kwanza kwa Kiswahili peke yako taratibu, utawaona wanainua vichwa mmoja mmoja, wakifika kiitikio wameshaingia wote. Baada ya hapo hata mahubiri yako yakiwa ya kawaida watakusamehe.

Utakuta kanisa la kukaa watu mia tano lina watu thelathini, karibu wote wazee. Tafadhali usisimame ukasema kanisa la Ulaya limekufa na nyie mmekuja kulifufua, nimewahi kumsikia mwenzetu akisema hivyo na nilitamani niingie chini ya benchi. Wale wazee wengi walikulia chini ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, aliyechagua kipaimara akakataa ile sherehe ya vijana ya chama aliweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo. Waulize hayo, kaa nao jikoni uwaulize. Omba wakupeleke Nikolaikirche pale Leipzig, maombi ya amani ya kila Jumatatu yalianzia humo miaka ya 80 mpaka tarehe 9 Oktoba 1989 watu kama elfu sabini wakaingia barabarani na mishumaa kuipinga serikali hiyo na hakuna risasi iliyopigwa. Ukirudi una mahubiri ya mwaka mzima.

Na vijana wao watakuuliza kuhusu ukoloni, jiandae. Sisi tumezoea kushukuru kwamba Misheni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro 1893 ikatuletea Injili, na ni kweli, lakini kijana wa Kijerumani atakuuliza na Mangi Meli je, chifu wenu aliyenyongwa na jeshi letu Old Moshi mwaka 1900? Mimi mara ya kwanza nilijiumauma. Siku hizi nawaeleza vyote viwili, na wamishonari wawili waliouawa Akeri kule Meru mwaka 1896 nawataja, na kisasi ambacho jeshi la Wajerumani liliwalipizia Wameru baada ya hapo nakitaja pia. Wanaheshimu sana mtu asiyeruka sehemu.

Muda nao. Walitupangia basi la kwenda Wittenberg, mji wa Martin Luther, tukaone mlango wa kanisa lake, mwenyeji wangu akasema tunaondoka "halb acht". Halb ni nusu, acht ni nane, kwa hesabu zangu hiyo ni nane na nusu yao, yaani saa mbili na nusu yetu. Nikajinyoosha, nikanywa chai, nikafika kituoni mapema kabisa kama dakika kumi kabla, najipongeza. Kituo cheupe. Kumbe kwao ni nusu kuelekea nane, saa moja na nusu asubuhi, basi limeshaondoka dakika hamsini zilizopita na mlango wa Luther sikuuona mwaka ule.

Tuje kwenye pesa, hapa ndo urafiki mwingi unafia. Kule sadaka ya kikapu ni senti tu na sio uchoyo, muumini kanisa linamkata kwenye kodi, kwa Sachsen ni asilimia tisa ya kodi yake ya mapato, na mnada baada ya ibada hawaujui kabisa (niliwaelezea jinsi tunavyonadi kuku na mayai nje ya kanisa wakacheka mpaka machozi, mwaka uliofuata wakajaribu kunadi keki). Kwahiyo usiombe madhabahuni. Na usiombe pembeni pia. Safari ya kwanza nilikaa mezani kwa mzee mmoja nikataja tu kwamba kanisa la mtaa wetu mmoja halina bati, nilikuwa napiga stori, kesho yake akanipa bahasha, keshokutwa familia nyingine ikanipa bahasha kwa bati zile zile, na kamati yao ya ushirikiano ilikuwa imeshatenga pesa ya tanki la maji iliyoombwa na baraza letu. Nikaonekana tapeli. Tuliandikiana barua miezi nane kuweka sawa. Siku hizi ombi linatoka baraza la wazee, moja tu, kwa maandishi, linapita dayosisini, na mimi nikiwa kule nikiulizwa nasema mwenyekiti wa kamati yenu anayo barua. Bahasha nikipewa naandika jina, kiasi na ya nini, mbele ya aliyenipa.

Hilo ndo daftari lenyewe. La kawaida tu, la shule. Kila usiku kabla ya kulala naandika nilikula kwa nani, watoto wake wanaitwaje, nani anaumwa nini, nimeahidi nini. Ahadi hasa, maana kule ukisema "ntakutumia picha" mtu anasubiri picha. Nikirudi ndani ya wiki mbili nasoma ripoti kwenye baraza na risiti juu ya meza, halafu nakata ahadi moja moja, picha hii, mbegu za mchicha zile, salamu za bibi fulani kwa mama fulani wa kwaya. Safari inayofuata nasoma daftari lote kwenye ndege, nikishuka namuuliza mtu hali ya goti lake alilofanyiwa upasuaji.

Na usiende peke yako kila mara, washarika watasema ushirikiano umekuwa mali ya mchungaji na suti zake mpya. Mara ya pili nilienda na mama wa umoja wa wanawake asiyejua hata neno la Kiingereza, siku ya tatu nikamkuta jikoni na wenyeji wanamenya viazi, wanaongea kwa mikono, wanacheka, mimi mwenye digrii nimekaa sebuleni na kamusi.

Ya mwakani ntaenda na mwinjilisti, yule wa misiba minne. Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya nimeshaujaza, kuna miwani ya kumrudishia mgeni aliyeisahau kwetu, kuna kilo mbili za kahawa, na ratiba ya ibada ya kwanza waliyotutumia: halb zehn, nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu SAA TATU NA NUSU.